Friza Ilipozimika: Nilivyojifunza Kufikiri Upya Wakati wa Dhiki



Wiki iliyopita alinijia binti mmoja ambaye mwezi uliopita alikuja na mama yake kuagiza vitafunio vya harusi. Safari hii alikuja peke yake. Hakutaka hata kukaa. Alisimama mlangoni akaniambia, "Dada, nimekuja kufuta oda." Mchumba wake amesimamishwa kazi, ukumbi bado haujalipwa, nguo ziko nusu kwa fundi, na watu wa pande zote mbili kila mmoja ana lake la kusema. Akamaliza kwa maneno ambayo nayajua vizuri, kwa sababu na mimi niliwahi kuyasema: "Akili yangu imesimama. Sina hata wazo moja."

Nikamwambia, "Vua viatu uingie, unywe chai kwanza." Nikamhadithia habari ya friza yangu. Na nyinyi leo nataka kukuhadithieni, maana naamini kila mmoja wetu ana friza yake itakayozimika siku moja.

Alkhamisi ile

Mwaka 2009 nilirudi nyumbani kwa mama, Jang'ombe, na watoto wawili na talaka yangu mkononi. Eda ilipokwisha nilijiangalia nikaona nimebakiwa na bangili mbili za dhahabu za mahari yangu, basi. Moja niliipeleka kwa sonara, na pesa zake nikanunua friza iliyokwishatumika. Nikaanza kuuza malai za ukwaju, za ubuyu na za embe, shilingi 50 moja. Watoto wa skuli walikuwa wananijua kwa jina. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi, nilikuwa naweza kumpa mama pesa ya kitoweo bila ya kumwangalia usoni kwa aibu.

Alkhamisi ya tarehe 10 Disemba 2009 umeme ukakatika Unguja nzima. Siku ya kwanza hatukujali. Nani hapa kisiwani hajazoea umeme kukatika? Lakini siku ya pili ikapita, na ya tatu. Tukaanza kukumbuka mwaka 2008, tulipokaa gizani kiasi cha mwezi mzima, kuanzia Mei mpaka Juni. Umeme wetu wote wakati ule ulikuwa unatoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na habari zikaja kwamba kuna hitilafu kubwa upande wa Fumba, haitengenezeki kwa siku moja wala wiki moja. Waliokuwepo wanakumbuka: ilichukua takriban miezi mitatu, mpaka Machi 2010.

Na umeme haukuondoka peke yake, uliondoka na maji, kwa sababu pampu hazikuwa na kitu cha kuziendesha. Asubuhi tulikuwa kwenye foleni za visima na madumu yetu, usiku tukikaa na kandili. Mitaa ya wenye uwezo ilikuwa inanguruma kwa majenereta mpaka alfajiri.

Siku ya tatu niliamka nikakuta maji mekundu yametambaa kutoka chini ya friza mpaka mlangoni. Ubuyu ulikuwa unayeyuka. Nilifungua mfuniko nikaona mtaji wangu wote umekuwa uji. Nikawaita watoto wa mtaa, nikawagawia vifuko vilivyobaki, wakashangilia kama siku ya Idi. Mimi nikaingia chumbani nikajifunika kanga kichwani, nikalia.

Mama hakusema kitu. Alitoa nyama ya Idi iliyokuwa imebaki, akaipasua vipande virefu, akaitia chumvi na ndimu, akaianika juani. Nilimwona dirishani lakini sikutia maanani. Laiti ningetia maanani siku ile ile, ningejiokolea wiki mbili za majonzi.

Swali lililonifunga

Kwa wiki mbili nilikuwa na swali moja tu kichwani: nitapata wapi umeme? Nililala nalo na nikaamka nalo. Na jibu lake nililiona ni moja tu, jenereta. Mtaani kulikuwa na mtu anayekopesha kwa riba, na nakiri mbele yenu kwamba nilimfikiria. Kisha nikajiambia hapana, afadhali niuze bangili ya pili. Nikaifunga kwenye leso, niende kwa sonara asubuhi.

Usiku ule mama akaniambia maneno machache tu: "Kabla hujaenda, piga hesabu."

Nikachukua daftari la mwanangu la skuli, nikasogea kwenye kandili. Nikiuza malai 100 kwa siku napata shilingi 5,000. Jenereta ndogo niliyokuwa naitaka nilikadiria itakunywa lita tatu za petroli kwa siku, na bei ya siku zile lita tatu zilikuwa zaidi ya shilingi 4,000. Bado sukari. Bado maji ya kununua kwa dumu. Tena jenereta ikiharibika, bangili imekwenda na jenereta imekwenda.

Niliuangalia ule ukurasa kwa muda mrefu. Wiki mbili nzima nilikuwa natafuta jibu la swali ambalo hata nikilijibu halinisaidii! Mimi shida yangu haikuwa umeme. Shida yangu ilikuwa watoto wale nini mpaka umeme urudi. Maswali hayo mawili yanafanana ukiyasikia, lakini la kwanza lina mlango mmoja tu na la pili lina milango mingi.

Mama akaendelea kukuna nazi yake, kisha akasema, "Sisi tulipokuwa wadogo hapakuwa na friza nyumba hii. Msimu wa maembe tulikuwa tunafanya nini?"

Achari!

Chupa za mwanzo

Chini ya ile hesabu nikaandika vitu nilivyonavyo. Majiko mawili ya mkaa. Sufuria kubwa ya shughuli ya marehemu bibi. Ungo tatu. Jua, japo la kubahatisha, maana vuli ilikuwa haijamalizika. Maembe mabichi tele, yanashuka kutoka shamba kila siku na bei yake iko chini. Na jambo la mwisho niliona lina maana zaidi kuliko yote: nyumba nzima za Unguja hazina pa kuweka chakula. Watu wanapika kidogo kidogo, wali na mchuzi mwepesi, wakati mwingine wali mtupu. Mtu wa hivyo anataka kitu cha kukitia chakula ladha, kisichoharibika bila ya friji.

Sasa msidhani mambo yalinyooka hapo hapo. Sufuria ya kwanza iliharibika yote. Nilikuwa na pupa. Maembe niliyaanika siku moja, mvua ikapita, nikayaona yamekauka vya kutosha nikayapika. Siku ya nne chupa zote zikafanya ukungu juu. Nilimwaga siki na sukari ya watu, kwa sababu nilikopa dukani, na nikarudi tena chumbani na kanga yangu kichwani.

Aliyenitoa safari hii ni shangazi yangu wa Makunduchi. Alikuja kutuangalia, akaonja, akacheka, akasema, "Mwanangu, achari haina haraka." Akanionesha. Embe likatwe, litiwe chumvi, lilale usiku mmoja litoe maji. Kisha lianikwe siku mbili tatu mpaka ukilibana kwa vidole halitoi unyevu. Mvua ikitishia, ungo unaingia ndani, hata kama ni usiku wa manane. Chupa zichemshwe na zikauke kabisa kabla ya kutiwa kitu. Kijiko cha maji kisiguse. Halafu ndiyo siki, pilipili, thomu, bizari na sukari. Akaniambia nianze na maembe kumi tu, nikifaulu niongeze.

Maembe kumi yakatoa chupa nne. Chupa nne zikauzwa kwa muuza urojo wa mtaa wa pili siku ile ile. Wiki iliyofuata zikawa kumi na mbili.

Na friza? Ile maiti yangu ya friza niliisafisha, nikaikausha, ikawa kabati. Haingii panya, haingii siafu. Chupa zangu na unga wangu vilikaa humo mpaka Machi. Kila nilipoufungua ule mfuniko nilikuwa nacheka peke yangu.

Kisha ikaja riziki ambayo sikuitafuta. Mama mmoja aliyenunua achari alikuwa anaoza Februari, na yule aliyekuwa amfanyie keki na vitafunio alikuwa anategemea oveni ya umeme. Akaniuliza, "Wewe na majiko yako hayo, unaweza mkate wa kumimina?" Nilikuwa sijawahi kuupika wa kuuza. Nikasema inshaallah. Mama akanifundisha moto wa juu na chini, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, na subira nyingi. Harusi ile ilifanywa mchana baada ya Adhuhuri ili watu warudi kwao kabla ya giza. Nguo zilipigwa pasi ya mkaa. Singo ya bibi harusi ilitwangwa kwa kinu. Hapakuwa na muziki wa spika wala taa za rangi, palikuwa na udi, asmini na vigelegele. Watu walisikilizana. Mpaka leo wakubwa wanaitaja harusi ile.

Ndiyo kazi ninayoifanya mpaka leo. Sikuanza na mpango wa biashara, nilianza na chupa nne.

Tulichofundishwa

Baadaye nilipokuwa natafakari, kisa cha Bibi Hajar kilinijia kwa namna nyingine. Yuko bondeni peke yake, mtoto analia kwa kiu, hana mtu. Yakini yake kwa Allah ilikuwa kamili, lakini hakukaa. Alipanda Safa, akaangalia. Akaenda Marwa, akaangalia. Mara saba! Na maji hayakutoka Safa wala Marwa, yalitoka pale alipomlaza mtoto. Sisi tumeamrishwa kukimbia, pa kutokea maji si kazi yetu kupapanga. Mimi nilikimbilia achari, riziki ikatokea kwenye mkate.

Na angalieni Vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria. Madina inakuja kushambuliwa na jeshi kubwa. Mtume (S.A.W.) anashauriana na Masahaba zake, na Salman al-Farisi (R.A.) anatoa rai ya kuchimba handaki, jambo ambalo Waarabu hawakulizoea vitani, yeye alilijua kwao Uajemi. Rai ikakubaliwa, na Mtume mwenyewe akachimba pamoja na watu. Kwa hivyo anayekwambia kwamba kufikiri njia mpya ni upungufu wa tawakkul, mkumbushe handaki lile.

Mambo ninayoyafanya sasa dhiki ikibisha hodi

Nalia kwanza, lakini naliwekea kilio mwisho. Kulia si dhambi na si udhaifu. Siku hizi najiambia: leo nitalia, kesho baada ya Alfajiri nitachukua daftari.

Naligeuza swali. Badala ya "nitakirudisha vipi kilichopotea," najiuliza "nilikuwa nakitakia nini?" Bibi harusi anayeuliza "nitapata wapi pesa ya ukumbi" ajiulize kwanza ukumbi aliutakia nini. Ni watu wakae kivulini? Ni picha? Au ni kuwaziba watu midomo? Kila jibu lina njia yake, na hilo la mwisho halina njia kabisa, maana midomo ya watu haizibiki. Ndoa yenyewe inataka walii, mashahidi wawili, mahari, na kauli ya kuoza na kukubali. Ukumbi haumo.

Naandika nilivyonavyo. Si kichwani, karatasini. Vitu, ujuzi wa mikono, watu ninaowajua, na wakati. Kichwa kikiwa na hofu huwa kinasema "sina kitu," karatasi inamsuta.

Nakaa na wazee. Mama zetu na bibi zetu waliishi bila ya vitu vingi ambavyo sisi tukivikosa tunaona dunia imesimama. Wana mengi ambayo hatujawahi kuwauliza.

Najaribu kwa kidogo. Maembe kumi, si gunia. Wazo jipya likifeli likiwa dogo linakufundisha, likifeli likiwa kubwa linakuacha na deni.

Na nikishamaliza kushauriana, naswali rakaa mbili za istikhara, nakwenda.

Kuna zoezi moja pia nawapa wanaoanza maisha ya ndoa. Chagueni siku moja katika wiki iwe siku ya bila duka. Siku hiyo mnapika kwa kilichomo ndani tu, hata kama ni unga kidogo, nazi moja na bilingani lililonywea. Mtacheka, mtalaumiana kidogo, lakini akili itazoea kuanza na kilichopo. Mazoezi hayo ni bora kuyafanya wakati wa raha, kwa sababu siku ya dhiki hapana nafasi ya kujifunza kuogelea.

Neno la tahadhari

Lakini dada zangu, nisingependa mtu aondoke hapa akidhani kila dhiki dawa yake ni ubunifu. Jirani yetu alikuwa anauza samaki wa friza. Alipoteza shehena nzima siku zile zile, na alikuwa na deni juu yake. Akili yake haikuwa ndogo kuliko yangu, na alihangaika kuliko mimi, lakini alifunga biashara. Mimi sikuwa na deni kubwa na nilikuwa na mama. Yeye alichohitaji ni watu wa kumsaidia, na tuliomsaidia hatukutosha. Linanisumbua mpaka leo.

Vile vile, kama mume anakupiga, usikae kutafuta ubunifu wa kuficha alama. Kama maradhi yamekushika, moyo mzito miezi na miezi, usingizi hauji, nenda kwa daktari, waambie wazee wako. Kuomba msaada nako ni kutumia akili, na mara nyingine ndiyo wazo bora kuliko yote.

Binti yangu wa chai

Mwaka 2020 ndege za watalii ziliposimama, kaka yangu alirudi kutoka hotelini Nungwi na begi moja, akakaa barazani kimya siku nzima. Mama, ambaye sasa ni mzee kweli, alimwita ndani akamwekea daftari na kalamu mezani. Hakumwambia kitu. Mimi nilikuwa jikoni, nikaishiwa na nguvu kwa kicheko na machozi.

Basi na yule binti nilimpa karatasi. Aliandika taratibu. Uwa wa bibi yake wenye mwembe mkubwa. Shangazi wawili wanaojua kupika pilau ya watu wengi. Rafiki anayepaka hina. Dera zuri la kufungulia mwaka ambalo hajalivaa. Mchumba aliyemwambia ukweli mapema badala ya kumficha. Hilo la mwisho aliliandika, akalitazama, akalipigia mstari.

Hakufuta oda, aliipunguza. Mama mkwe bado hajaridhia harusi ya uwani, na huenda asiridhie, hilo sikumdanganya. Lakini alipokuwa anavaa viatu mlangoni aliniuliza kama mkate wa kumimina unaweza kupikwa pale pale uwani kwa majiko ya mkaa, watu wauone unavyoiva.

Nikamwambia inaweza, inshaallah. Nimeshaanza kusugua yale majiko.

Allah atufungulie milango tusiyoiona, na atupe akili ya kuitafuta. Amin.